Kiyoyozi Huchaguliwa Nyumbani, Si Dukani

Uwe umejilaza mkekani barazani, uwe umekwama kwenye foleni ya Mwenge, daladala limejaa na dirisha halileti upepo, karibu tuzungumze. Leo nazungumza na watu wa joto. Wewe uliyeko Njombe, ambaye saa hizi unatafuta sweta, utuvumilie.

Nianze na ndoo. Nyumbani kwangu, nje ya dirisha la chumba cha kulala, kuna bomba jembamba jeupe linaloshuka kutoka kwenye kiyoyozi. Chini yake nimeweka ndoo ya lita kumi. Msimu huu wa kaskazi nikiwasha mashine saa nne usiku, nikiamka saa kumi na moja alfajiri nakuta ndoo imevuka nusu, siku nyingine imefika robo tatu. Lita sita, lita saba za maji. Hayakutoka kwenye bomba la mtaa wala kisimani. Yalikuwa hewani, chumbani mwangu, na kama mashine isingewashwa ningelala nayo.

Hiyo ndoo inakueleza joto la Pwani lilivyo. Nyuzi 32 za Dodoma, ukikaa chini ya mwembe unapoa. Nyuzi 32 za Dar es Salaam, za Tanga, za Mombasa, unakaa chini ya mwembe huohuo na shati linakushika mgongoni. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho linapokauka. Sasa hewa ikiwa imeshiba maji, jasho likakaukie wapi? Linabaki pale pale linatiririka. Kwa hiyo mtu wa Pwani anapokwenda kununua kiyoyozi, anadhani anatafuta baridi, kumbe anatafuta ukavu.

Na mashine yenyewe ilizaliwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1902, kule Brooklyn, New York, kiwanda kimoja cha uchapaji kilikuwa kinasumbuliwa na karatasi. Hewa ikiwa na unyevu karatasi inavimba, ikikauka inasinyaa, na rangi zikipigwa moja juu ya nyingine hazikai mahali pake. Mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier, akabuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili kudhibiti unyevu. Mtambo haukuwekwa kwa ajili ya raha ya wafanyakazi, uliwekwa kwa ajili ya karatasi. Sisi tulifuata baadaye.

Sasa twende Kariakoo. Shemeji yangu alipokea hela za mchezo wa upatu, akafunga safari kwenda kununua kiyoyozi. Muuzaji akamuuliza, "Dada, chumba ni kikubwa?" Akajibu, "Cha kawaida tu." Msikilizaji, hapo ndipo hela yake ilipopotea. Muuzaji akamwambia, "Basi chukua hii ya elfu kumi na nane, usije ukajuta. Utalala na blanketi kama uko Njombe." Bei ikapunguzwa kidogo, mzigo ukapakiwa kwenye bajaji.

Chumba cha kawaida cha shemeji ni futi kumi kwa kumi na moja. Mashine ya BTU 18,000, BTU ikiwa ni kipimo cha nguvu ya kupoza, ni ya sebule. Ikawa mlango ukifungwa, mashine ikiwashwa, dakika kumi tu chumba kimekuwa barafu, mashine inajizima. Dakika chache mbele joto linarudi, inajiwasha kwa kishindo, taa za nyumba zinafifia. Usiku kucha hivyo hivyo. Asubuhi shemeji anaamka shuka lina ubichi, na baada ya miezi miwili ukuta wa nyuma ya kabati ukaota ukungu mweusi. Akanipigia: "Shemeji, hii eesii inapuliza baridi kama mochwari lakini jasho la shingoni haliishi. Nimeuziwa feki?"

Haikuwa feki. Ilikuwa kubwa kupita kiasi. Unajua chupa ya soda ikitoka kwenye friji inavyotoa jasho? Ndani ya kiyoyozi kuna mabomba ya baridi yanayofanya hivyo hivyo: hewa ya chumba ikipita, mvuke unageuka kuwa matone, matone yanachuruzika hadi kwenye ndoo. Lakini kazi hiyo inataka muda. Kupoza hewa ni kwa haraka, kuikausha ni taratibu. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inafika kwenye baridi uliyoitaka kabla haijakausha kitu, inazimika, na yale matone yaliyobaki kwenye mabomba yanapanda tena kuwa mvuke chumbani. Unapata baridi ya kisimani. Ndiyo maana nasema, kiyoyozi kikubwa si lazima kiwe bora. Kinachofaa ni kinachokienea chumba, kama kiatu.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Chukua futi ya kupimia, pima urefu na upana wa chumba, zidisha, kisha unachopata zidisha mara 60. Futi kumi kwa kumi na mbili ni 120, mara 60 ni 7,200. Dukani mashine ndogo ya kawaida ni ya BTU 9,000, hiyo inakutosha. Futi kumi na nne kwa kumi na nne inakupa 11,760. Hapo ni 12,000. Sebule ya kumi na nane kwa kumi na sita inakaribia 17,300. Hapo ndipo ile 18,000 ya shemeji ilipostahili kukaa. Na ukimsikia fundi anasema "tani moja", usidhani anazungumzia uzito wa mashine. Tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, hesabu iliyobaki kutoka enzi za kupoza kwa barafu: ni kazi ya kupoza inayofanywa na tani moja ya barafu, tani ya Kimarekani, inapoyeyuka kwa saa 24.

Lakini hesabu hiyo ni ya sakafu tu, na joto la nyumba zetu halitoki sakafuni. Wazee waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja na Lamu walikuwa na akili yao. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya juu, madirisha yanayotazamana ili upepo ukiingia upate pa kutokea, barabara nyembamba ili nyumba zitiliane kivuli. Sisi tumejenga kwa tofali la inchi sita, bati juu, na madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo hata ukiyafungua yote yanafunguka nusu. Halafu tunaita fundi atie mashine ipambane na kosa letu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, ingia chumbani kwako saa nane mchana. Inua mkono uguse dari. Kama hakuna dari, bati linaonekana, au dari ipo lakini ni ya moto kama kikaango, panda ngazi moja: kutoka 9,000 kwenda 12,000. Gusa ukuta wa magharibi. Ukiwa unachoma hadi jua linapozama, nao una deni lake. Mnaolala humo mkiwa zaidi ya wawili, mafundi huongeza kama BTU 600 kwa kila kichwa. Kisha tazama chini ya mlango. Pengo ambalo panya anapita, unyevu wa nje unapita pia usiku mzima. Na madirisha ya luva, vile vioo vya vipande, hayafungi sawasawa hata ukiyakaza vipi. Utakuwa unakausha bahari.

Baada ya ukaguzi huo, wengine mtagundua kwamba hela ya kwanza isiende kwenye mashine. Dari ya jipsamu, pazia zito upande wa jua, mti mmoja upande wa magharibi. Hivi havili yuniti hata moja.

Tuje kwenye aina. Dukani utakutana na mtu anakuuzia feni ya maji, ile unayoijaza maji kwenye tangi, anakuambia ni eesii ya bei poa isiyokula umeme. Umeme kweli haili sana. Lakini inapoza kwa kuvukiza maji hewani, na hilo linawezekana hewa ikiwa kavu. Ipeleke Dodoma wakati wa kiangazi, utanishukuru. Ukiiwasha Mbagala mwezi wa pili, umewasha birika. Kuna nyingine ya magurudumu yenye bomba nene linalotolewa dirishani. Hiyo ni kiyoyozi halisi, na mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anaweza kuifikiria. Ila ile yenye bomba moja inatupa nje hewa ya chumbani, na mahali pa hewa hiyo panajazwa na hewa ya moto inayopenya mlangoni. Inapoza huku inaita joto. Kwa chumba cha kulala cha mtu mwenye nyumba yake, ile ya vipande viwili, kimoja ukutani ndani na kingine nje, ndiyo inayolipa.

Sasa Luku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tushike daftari. Mashine ya BTU 12,000 ya kawaida, kompresa ikiwa inazunguka, inakula karibu kilowati moja na kitu. Ukilala nayo kwa saa nane, ikiwa inajizima na kujiwasha, weka yuniti sita kwa usiku. Kwa mteja wa kawaida wa Tanzania, ukijumlisha kodi na tozo, yuniti ni karibu shilingi 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa yuniti 28. Yuniti sita ni kama 2,100 kwa usiku, 64,000 kwa mwezi. Feni ya darini usiku huohuo isingemaliza shilingi mia mbili na kidogo.

Wewe uliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile la shilingi 100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, sikiliza vizuri zaidi. Yuniti sita kila usiku, usiku wa kumi na tatu 75 zako zote zimekwisha, na hapo hatujahesabu friji, pasi wala televisheni. Ukivuka, bei inaruka zaidi ya mara tatu. Wengi wanadhani kiyoyozi kimekula umeme mwingi, kumbe kimekula umeme na kimewatoa kwenye kundi la bei nafuu pia. Swali la "eesii inakula kiasi gani" liulize pamoja na "mimi niko kundi gani."

Hapo ndipo linapokuja neno inveta. Wauzaji wanalitamka kama dua, lakini maana yake ni rahisi. Fikiria wapishi wawili wa pilau. Wa kwanza moto wake haupunguki: sufuria ikichemka sana anaipua, ikipoa anairudisha, anaipua, anairudisha, hadi wali uive. Wa pili, sufuria ikishachemka, anapunguza makaa na kuuacha wali ukijipika taratibu. Kiyoyozi cha kawaida ni mpishi wa kwanza, inveta ni wa pili. Kompresa yake inapunguza mwendo badala ya kuzima. Kwa chumba kilekile inaweza kutumia yuniti nne pale penye sita, na kwa kuwa inazunguka polepole kwa muda mrefu, inakausha hewa vizuri zaidi. Tofauti ya yuniti mbili kwa usiku ni kama 21,000 kwa mwezi. Ukilala nayo miezi mitano ya joto, umeokoa laki moja na ushee kwa mwaka. Linganisha na tofauti ya bei dukani, uone misimu mingapi inarudi. Kama unaiwasha wageni wakija tu, nunua ya kawaida, usione aibu. Na ukichukua inveta, fahamu ina bodi ndani, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni adui wa bodi. Weka kidude cha kulinda umeme kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu mashine iwake tena. Kiyoyozi chenyewe kipangiwe laini yake kutoka kwenye mein swichi, yenye breka yake na ethi, wala kisichomekwe kwenye ekstensheni iliyobeba friji na pasi.

Muuzaji anaposifia, wewe zunguka ubavuni mwa boksi la nje usome kibandiko. Tafuta namba mbili: nguvu ya kupoza na umeme unaoingia, zote kwa wati. Kikisema kinapoza wati 3,500 na kinakula 1,080, gawa: unapata 3.2. Cha jirani yake kinapoza 3,500 kwa 900, hicho ni 3.9. Namba kubwa ndiyo nzuri. Ndugu zangu wa Mombasa, Kenya ina kanuni za lebo ya nyota kwa viyoyozi tangu 2016. Nyota zikiongezeka, umeme unapungua.

Kwenye kibandiko hichohicho soma gesi. Ukiona R22, weka chini. Hiyo inatoboa tabaka la ozoni na dunia inaiondoa sokoni. Miaka michache ijayo kuipata kutakuwa kazi na bei yake itapanda. R410A haiharibu ozoni lakini inapasha dunia joto vibaya sana. R32 ina madhara kama theluthi moja ya hiyo. Na jambo hili halikuamuliwa mbali: makubaliano ya kupunguza gesi za namna hii yalipitishwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, na yanaitwa kwa jina la mji huo.

Wa mtumba nao nina neno nao. Angalia volti kabla ya bei. Mashine ya nyumbani ya Japani inaweza kuwa ya volti 100, ya Marekani 115. Ukiichomeka kwenye 230 za kwetu, umenunua moshi.

Msikilizaji, unaweza kuchagua vyema yote hayo na fundi akayaharibu kwa asubuhi moja. Na hapa nakiri langu. Miaka mitatu mfululizo, kila Desemba, kiyoyozi changu kilikuwa kinapuliza upepo wa vuguvugu. Fundi anakuja, anashika bomba, anatikisa kichwa: "Gesi imeisha, bosi." Najazwa gesi, nalipa. Mwaka wa nne fundi wangu alikuwa safarini, akaja mzee mmoja na kipande cha sponji na bakuli la povu la sabuni. Akapaka kwenye nati za mabomba, moja baada ya nyingine, akasubiri. Kwenye nati ya tatu povu likaanza kuvimba, kipovu kidogo kama jicho la samaki, kikapasuka, kikavimba kingine. Akanitazama. "Gesi ya eesii si ya jikoni, mwanangu. Hailiwi. Inazunguka humo humo. Ikipungua, imetoroka." Nilikuwa nimenunua gesi mara tatu kuilisha hewa ya mtaa.

Kwa hiyo siku ya kufunga, kaa na fundi. Akishaunganisha mabomba, kabla ya kufungulia gesi, lazima anyonye hewa na unyevu kwa pampu maalumu. Akisema haina haja, bado hamjamalizana. Bomba la maji literemke, lisipande hata kidogo. Boksi la nje likae kivulini penye nafasi ya kupumua. Na kama unakaa Kunduchi au Nyali, unausikia mvumo wa bahari, usilielekeze kwenye upepo wa chumvi, na lisuuze kwa maji baridi mara kwa mara, maana chumvi inatafuna zile mbavu za alumini kama mchwa.

Kiyoyozi kikishafungwa, ushughulike na mambo mawili tu. Chujio, lile la wavu, lioshe kila baada ya wiki mbili, hasa kama mtaa wako una vumbi. Na rimoti isishushwe hadi 16. Kuiweka 16 hakuharakishi kitu kwa mashine ya kawaida, inapoza kwa nguvu ileile, ila haijui pa kusimama. India, kuanzia 2020, iliagiza viyoyozi vipya vya nyumbani vikiwashwa vianzie nyuzi 24. Weka 25 au 26 na feni ya darini ikizunguka taratibu. Hewa ikiwa kavu, 26 inatosha.

Shemeji aliiuza ile 18,000 kwa jamaa mwenye saluni, akanunua 9,000 ya inveta, na kabla ya kuifunga akaziba pengo la mlango na kuweka dari. Juzi nilikwenda kumtembelea. Hakunionyesha rimoti wala hakunionyesha mashine. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha ndoo. "Shemeji, angalia. Maji yote haya yalikuwa yanalala na wanangu."

Kesho basi, saa nane mchana, futi ya kupimia mkononi, ingia chumbani kwako. Muuzaji akikuuliza chumba kina ukubwa gani, umjibu kwa namba.